Meno Yasiyostahili Kinga

“Kama ni ya kuvunjika, basi yavunjike!” Gladness alisema, akaisukuma kando trei ya kupimia meno kwa kiganja. “Mama, hebu niangalie vizuri. Haya ndiyo meno ya kuwekewa kinga?”

Akayafunua. Haikuwa desturi yake. Tangu darasa la pili alikuwa akicheka mkono ukiwa mdomoni, na kwenye picha za kipaimara alibana midomo kama fundi cherehani aliyeuma pini. Sasa aliyaonyesha yote, ya juu na ya chini, kama mtu anayefungua mlango wa chumba kichafu ili mgeni aone mwenyewe na aende zake. Yalikuwa meno imara, yaliyopangika vizuri kama punje za muhindi. Lakini yalikuwa na mistari na madoa ya kahawia, mengine yamekolea hadi kukaribia weusi, kama vikombe vilivyoachwa na chai ya rangi wiki nzima.

Mektrida, mama yake, alikuwa na bakuli la mpira mkono wa kushoto na mwiko mdogo mkono wa kulia. Ndani ya bakuli, unga wa waridi aliokwisha kuuchanganya na maji ulikuwa laini kama uji wa mtoto. Unga ule haumngoji mtu. Ukishalowa una dakika mbili au tatu za utii. Zikipita, unakuwa kama ini lililochemshwa, na hauchukui tena chapa ya jino lolote.

“Fungua mdomo,” alisema. “Tutagombana ukishang’ata.”

“Sing’ati.”

“Gladness, dawa inaganda.”

“Igande.”

Na ikaganda. Mektrida aliuona uso wa ule unga ukipoteza mng’ao, akaubonyeza kwa kidole, kidole hakikuzama. Akaupindua juu ya pipa la taka. Ukadondoka mzima mzima, umbo la bakuli, kama ugali wa mtu asiye na njaa.

Alikuwa fundi wa meno. Siyo daktari, daktari huchungulia kinywa, yeye hutengeneza kile kinachoingia kinywani baada ya daktari kushindwa. Stashahada yake ilikuwa ukutani, kwenye fremu, juu ya rafu ya vinywa vya plasta vyenye majina ya wenyewe kwa penseli. Kutoka chumba kile kimoja cha Njoro, nyuma ya duka la pembejeo, alikuwa amewarudishia wazee wa Uru uwezo wa kutafuna nyama ya sikukuu, na mwalimu mmoja wa kwaya uwezo wa kutamka “Sanctus” bila kuwatemea mate waimbaji wa safu ya mbele. Miaka kumi na miwili alikuwa akitengeneza meno ya watu waliochelewa. Kinga ya mdomo ilikuwa kazi pekee aliyoifanya kwa ajili ya mtu ambaye bado hajachelewa, na binti yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akimfanyia jeuri.

Ugomvi ulianzia kwenye soksi. Gladness, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na akingoja chuo, alichezea timu ya wasichana ya mpira wa magongo. Kocha wao, Filemon, alikuwa ametangaza kwamba kuanzia msimu huu asiye na kinga ya meno hakanyagi uwanja. Jumamosi walikuwa na mechi na wasichana wa Arusha. Gladness alinunua kinga ya dukani, akaionyesha mazoezini kila siku, na kila mtu akaridhika, mama yake akiwa wa kwanza. Asubuhi hiyo ya Alhamisi Mektrida alikuwa akifua. Akaikuta ndani ya soksi ndefu ya mazoezi, akaigeuzageuza kwa macho ya fundi. Kinga zile huchovywa kwenye maji ya moto, zikilegea mchezaji huzing’ata zishike umbo la meno yake. Hii haikuwa na alama hata ya jino moja. Ilikuwa laini kama ilivyotoka kiwandani. Mtoto alikuwa akimwonyesha kocha, kisha anaishindilia kwenye soksi na kuingia uwanjani kinywa wazi.

Na hakuwa akicheza pembeni. Kona fupi ikitolewa, wapinzani wakijipanga kupiga, yeye ndiye anayechomoka golini wa kwanza kuukimbilia mpira uso kwa uso. Mpira wenyewe mgumu kama jiwe la mtoni, na nyuma yake gongo lililoinuliwa.

“Unajua mpira ule unakuja kwa kasi gani?” Mektrida aliuliza.

“Najua kuliko wewe. Mimi ndiye ninayeukimbilia.”

“Basi?”

“Basi ukinipiga utanitengenezea mengine.” Kisha Gladness akalisema lile alilokuwa amelificha chini ya mengine yote. “Meupe.”

Mektrida aliweka mwiko mezani. Alikuwa mwanamke wa majibu ya haraka. Wateja walisema ukimpa Mama Gladi swali anakurudishia chenji kabla hujatoa hela. Lakini kwa neno lile moja alitafuta jibu, akakuta mfuko mtupu. Hakuwa akibishana na mtoto mzembe. Alikuwa akibishana na mtoto aliyekuwa akikimbilia mpira kwa matumaini.

Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa mpigo mmoja.

“Hodi humu! Shikamoo mama. Gladi, mambo? Mbona mmenuna kama mko msibani?”

Alikuwa Winfrida, mlinzi wa kati wa timu ileile, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye sauti ya kuita ng’ombe. Mwaka juzi gongo la mpinzani lilimng’oa meno mawili ya mbele. Mengine mawili ya jirani yakafa polepole, yakang’olewa hospitalini. Mektrida ndiye aliyemtengenezea manne ya kuvaa. Winfrida naye alikuwa na meno ya kahawia, kwa hiyo Mektrida, kama ustadi unavyodai, aliyatia yale ya bandia mistari ya kahawia kwa brashi nyembamba, yafanane na mengine. Kazi safi kabisa. Hakuna ambaye angegundua. Winfrida alipojitazama kwenye kioo alilia mpaka mteja aliyekuwa nje akaondoka. Ikabidi yarudiwe, meupe pe. Tangu siku hiyo akicheka yanaonekana manne yale katikati ya mengine, kama nyumba nne zilizopakwa chokaa kwenye mtaa wa udongo.

“Yamepata ufa, mama,” Winfrida alisema, akayatoa na kuyaweka kiganjani mwa Mektrida yakiwa bado na joto. Uso wake ukaporomoka papo hapo. Mdomo wa juu ulizama ndani, na kwa dakika moja msichana yule alifanana na bibi yake. “Niling’ata mhogo.”

“Nilikwambia using’ate mihogo.”

“Ulithema, mama.” Herufi zilikuwa zikimponyoka kwenye pengo. “Na mahindi nakata kwa kithu. Ila mhogo wenyewe ulikuwa laini, Mungu thahidi.”

Mektrida alimtazama binti yake. Hii ndiyo bahati, alifikiri. Sikuipanga, imekuja yenyewe kwa miguu.

“Winfrida, mwambie mwenzako. Ungeambiwa uchague, ungechagua nini? Haya, au yako ya zamani?”

Winfrida hakufikiri hata kidogo.

“Haya, mama! Yale ya zamani nilikuwa nathemea puani. Thatha hivi naongea na watu nawatazama uthoni. Nina mchumba!” Akacheka, pengo wazi, bila kuweka mkono. “Gongo lile lilinifanyia dawa. Yule dada wa Arutha nikimwona nitamnunulia thoda.”

Gladness alimgeukia mama yake akiwa ameinua nyusi kidogo tu, kama wakili ambaye shahidi wa upande wa pili amemshindia kesi.

Mektrida aliuziba ufa. Aliusaga, akamimina dawa, akasugua kwa mashine, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko kawaida. Winfrida aliyarudisha meno yake, akawa msichana tena, akaaga kwa kelele, akaondoka na kicheko chake. Chumba kikabaki na vumbi la plasta likielea kwenye mwanga wa dirisha.

“Umesikia,” Gladness alisema, sasa kwa upole, na upole ule uliuma kuliko ukali. “Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Wewe meno yako ni meupe. Hujui kuamka kila siku na uchafu usiooshika. Nimesugua kwa mkaa, kwa limau, kwa magadi, mpaka fizi zikatoka damu. Nimeshakubali. Ni maji ya kule chini kwenye miwa. Baba alitupeleka kule kwa sababu ya kazi, nikanywa, yakawa hivi. Zamani nilikuwa namlaumu. Kila alipokuja likizo nilikuwa namwamkia bila kumtazama, nadhani uliona. Siku hizi simlaumu tena. Lakini msiniambie niyapende.”

Mektrida aliona. Aliona miaka yote kumi na mitatu. Alimwona Wenseslaus, mumewe, akishuka kwenye pikipiki na mkungu wa ndizi au mfuko wa sukari, akimwita mtoto, na mtoto akimpa shikamoo huku akitazama tairi. Alimwona akipokea shikamoo ile, akiitikia marahaba, akiingia ndani taratibu kama mtu anayelipa faini aliyokwisha kuizoea.

Kuna uongo wa kusema na kuna uongo wa kunyamazia. Wa kwanza hufa mapema kwa sababu unahitaji kukumbukwa. Wa pili hauhitaji matunzo yoyote, unakua wenyewe kama kisamvu nyuma ya jiko. Wa Mektrida ulikuwa wa aina zote mbili. Aliusema mara moja tu. Iliyobaki alinyamaza.

“Siyo maji,” alisema.

“Nini?”

“Siyo maji, Gladness. Keti.”

Gladness hakuketi. Mektrida akaketi yeye, kwenye kiti cha wateja, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi rafu ile ya vinywa vya plasta inavyomtazama mtu aliyekaa pale.

“Tito na dada zake,” alianza, “majirani zetu kule shamba la miwa. Bomba moja, ndoo moja. Meno yao yakoje?”

“Meupe.”

“Hukuwahi kujiuliza?”

“Nilijiuliza sana.” Sauti ya Gladness ilishuka. “Nikaona basi tatizo ni mimi.”

Mektrida alifumba macho. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, siyo kwa hilo.

“Tatizo lilikuwa chungu changu,” alisema, kwa haraka, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda. “Magadi. Ulipoanza kula nilikuwa nakupikia kiburu, ndizi na maharage, nakupondea kila siku. Bibi yako Margareta kule Uru alitia magadi kwenye maharage, na mama yake alitia, Uru nzima walitia. Lakini bibi alitia ncha ya kidole. Mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa narudia mtihani wa kidato cha sita, natafuta chuo, mkaa wenyewe wa shida, na maharage yanataka saa tatu. Nilitia kijiko. Kijiko kizima. Yanaiva upesi, yanakuwa laini, mtoto hapaliwi. Asubuhi na jioni, miaka mitatu. Nikasema nimegundua siri ambayo bibi haijui.”

“Magadi yana nini?”

“Yana floraidi, madini yaleyale mnayoambiwa yako kwenye maji ya visima vya Arusha. Jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, linayanywa. Likitoka, limeshapakwa.”

“Ulijua lini?”

Hilo ndilo swali, na Mektrida alijua tangu zamani kwamba siku atakapofika mwisho wa hadithi hii swali hilo ndilo litakalokuwa limekaa mlangoni.

“Mwaka wa pili chuoni, Dar. Darasani. Mwalimu aliandika ubaoni, watu wakaandika kwenye madaftari, na mimi nikaandika. Nilipigia mstari kwa rula. Wewe ulikuwa na miaka mitano, uko kwa bibi, bado una meno ya utoto, meupe kama maziwa. Sikumwambia mtu. Nilingoja tu, kama anayengoja majibu ya vipimo. Krismasi iliyofuata nikaja likizo, ukanikimbilia getini unasema mama, nimeota meno makubwa. Nikakubeba mpaka dirishani, nikakuambia cheka.”

Nje mtu alikuwa akibishana na mwenye duka kuhusu dawa ya wadudu wa kahawa, akidai ya mwaka jana ilikuwa kali zaidi.

“Ukacheka,” alisema. “Baba yako akaja nyuma yangu, akauliza, hii nini? Nikasema ni maji ya kule kwako.”

Gladness alikuwa amesimama wima, mikono imening’inia. Kwa kawaida walikuwa na uso mmoja, mama na binti, watu walikuwa wakiwatania. Sasa Mektrida hakuuona uso wake popote kwenye ule uliokuwa mbele yake.

“Baba anajua?”

“Sijawahi kumwambia. Lakini miaka ile, nilipokuwa nimemtembelea, bwana afya alipita kambini kwao kwenye miwa akawafundisha habari za magadi. Jioni baba yako akasema mezani, leo tumefundishwa magadi. Akanitazama. Kisha akaomba aongezewe mchuzi.”

“Akanyamaza?”

“Akanyamaza.”

“Na mimi nikawa namwamkia kama mwizi.”

Gladness alichukua mkoba wake na gongo lililokuwa limeegemezwa ukutani. Alifika mlangoni, akasimama, mgongo ukiwa umegeuka.

“Ungesema tu, mama,” alisema. “Ungesema tu ulikuwa na haraka. Ningeelewa. Mimi ni mtoto wako, najua ulivyo na haraka.”

Akaondoka. Hakubamiza mlango. Mektrida angelipa chochote abamize.

*

Usiku ule Gladness alituma ujumbe kwamba yuko salama, bila kusema wapi. Ijumaa Mektrida alikunja mikono ya koti, akafanya kazi ya siku mbili kwa siku moja, akakosea kuchonga gego la mzee mmoja mara tatu. Saa kumi jioni simu ikalia. Alikuwa Wenseslaus.

“Mtoto yuko huku,” alisema. Sauti yake ilikuwa kama kawaida, ya mtu anayeongea huku akifuta mikono yenye grisi. “Alifika jana jioni. Leo kanipikia maharage.”

“Maharage?”

“Tangu saa nne asubuhi. Yaliiva saa nane. Mkaa umekwisha wote, wa kwangu na nusu ya jirani. Nikamwambia weka japo kitunguu tuanze, akasema baba, tulia, chakula hakikimbizwi.”

Mektrida alicheka, na katikati kicheko kikageuka kilio, ikabidi aiweke simu mbali na mdomo. Wenseslaus alingoja. Alikuwa na kipaji hicho, cha kungoja. Watu wengi walidhani ni uzito wa akili.

“Amekwambia,” Mektrida alisema hatimaye.

“Ameniomba radhi. Nikamuuliza ya nini. Akalia. Nami nikalia kidogo, basi tukala.”

“Kwa nini hukusema, Baba Gladi? Miaka yote. Ulijua.”

Simu ilileta kelele za kambi, ndoo, redio, mtu akimwita mtu.

“Ningesema nini? Kwamba mke wangu alimlisha mtoto akashiba? Niliona ulivyokuwa unamtazama mtoto akicheka. Nikasema huyu mama tayari anajichapa mwenyewe, nisimwongezee fimbo. Nilijua utasema siku yako.” Akakohoa kidogo. “Ila mama, maharage yako yaliiva upesi mno. Maneno yako ndiyo yaliyochelewa.”

Kutoka kwa mtu mwingine angelichukua kama tusi. Kwa Wenseslaus alilipokea lote, akakaa nalo, na baada ya simu kukatika aliendelea kukaa. Aliwaza juu ya haraka. Watu walimsifia. Mama Gladi hana longolongo, ukimpelekea kazi Jumatatu unaichukua Jumatano. Alikuwa ameilea haraka ile kama mtu anavyolea ng’ombe wa maziwa, akanywa maziwa yake, akasomea, akajenga nayo chumba hiki. Hakuwahi kumuuliza ng’ombe yule alikuwa amekula shamba la nani.

Aliwaza pia juu ya mechi. Angeweza kumpigia Filemon dakika ile na kumweleza habari ya soksi. Kocha angemweka binti yake benchi bila mjadala, na meno yangekuwa salama kwa siku moja. Alilitafuta jina lake kwenye simu, akalikuta, akalitazama. Kisha akaiweka simu kwenye droo. Alikuwa ameshaamua mambo ya kinywa kile peke yake mara moja. Ilitosha.

*

Jumamosi, saa mbili kasoro robo asubuhi, Mektrida alipokuwa akifagia vumbi mbele ya mlango, Gladness alitokea akiwa na sare ya timu, gongo begani, vumbi jekundu la barabara ya tambarare kwenye viatu.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Umekula?”

“Nimekula. Baba kanisindikiza na pikipiki mpaka hapo kona, kawahi zamu.” Aliingia ndani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka gongo sakafuni. “Mechi ni saa tano. Inawezekana?”

Mektrida alihesabu kichwani. Chapa, plasta, kukauka, kubana, kukata. “Inawezekana kama plasta itakubali. Plasta haisikii la mtu.”

“Basi tuisubiri.” Kisha, kabla mama yake hajageuka: “Mama, usidhani yamekwisha. Mimi na wewe bado.”

“Najua.”

“Nimekasirika hata sasa hivi.”

“Kasirika. Mdomo unafunguka ukiwa umekasirika.”

Gladness karibu acheke, akajizuia. Akafungua kinywa.

Mektrida aliingiza trei, akaibonyeza, akaishikilia kwa vidole viwili huku kichwa cha binti yake kikiwa kimeegemea kifua chake. Hawakuwa wamekaribiana hivyo tangu Gladness alipokuwa akisukwa nywele za shule. Alihisi pumzi yake ya puani ikipita kwenye mkono. Akaitoa chapa, akaimimina plasta, akagonga trei mezani taratibu ili viputo vya hewa vipande juu. Kisha hakukuwa na la kufanya.

Saa tatu ikafika. Saa tatu na robo. Gladness alianza kutikisa goti.

“Toa tu, mama. Si imeshakuwa nyeupe?”

“Nyeupe siyo kukauka.”

“Tutachelewa.”

“Tutachelewa,” Mektrida alisema, na akashangaa jinsi neno lile lilivyotoka kinywani mwake bila kumchoma. Alikunja mikono, akakaa. Wote wawili wakaitazama plasta ikipata joto lake yenyewe, ikifanya mambo yake.

Ilipokuwa tayari aliibandua. Meno ya Gladness yakatokea mkononi mwake yote kumi na manne ya juu, meupe kwa weupe wa plasta, yamenyooka, hakuna lililopinda, hakuna lenye tundu. Gladness alisogea kuyaona. Aliligusa moja kwa kucha.

“Ni mazuri,” alisema, kama anayezungumzia ya mtu mwingine.

“Ni imara kuliko hayo ya kuvaa ya Winfrida. Nilitaka kukwambia juzi, hukunipa nafasi.”

“Winfrida anafurahi, mama.”

“Anafurahi. Na sibishi. Siku ukitaka kuyang’arisha, kuna njia, na bado yakawa yako. Tutakwenda kwa daktari tukaulize, wewe utauliza mwenyewe, mimi nitakaa nje. Ukitaka kuyaacha, yaache. Lakini yawe yanakungoja uamue. Gongo lisiamue.” Alivuta pumzi. “Mimi pia nisiamue.”

Gladness alirudisha kile kinywa cha plasta kwenye mkono wa mama yake kwa uangalifu, kwa mikono miwili.

Mektrida akawasha mashine ipate moto, akavuta boksi la karatasi za plastiki kutoka chini ya meza. Zilikuwa nene kama ngozi ya kiatu, nyekundu, bluu, kijani, nyeusi. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye nyeusi. Wasichana wote wa timu walichagua nyeusi. Inaziba kila kitu, kinywa kikifunguka kinaonekana giza tu. Alishaichomoa na kuiinua kuelekea mashine.

“Siyo hiyo,” Gladness alisema.

“Unataka bluu?”

Gladness aliinama juu ya boksi, akapekua hadi chini kabisa, zilipokaa zile ambazo hakuna aliyewahi kuziomba. Akachomoa moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa pili wake ulionekana uso wake mzima, kama nyuma ya kioo.

“Hii.”

“Hiyo haina rangi,” Mektrida alisema. “Kila kitu kitaonekana.”

“Naona.”

Mektrida alimtazama kidogo. Kisha akairudisha nyeusi ndani ya boksi, akaipokea ile aliyopewa, akaibana kwenye fremu ya mashine. Moto ukaishika taratibu. Ikaanza kulegea katikati, ikabonyea chini kama tone linalojikusanya. Alingoja mpaka ilipofika pale hasa inapotakiwa, si kabla, akaishusha juu ya meno ya mwanawe na kufungulia hewa, ikanyonywa na kushika kila jino.